Samaki Wako Anaogelea Vibaya? Namna ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kushika Dawa

Asubuhi unawasha taa ya tangi, na yule oranda, samaki wa dhahabu mwenye kichwa chekundu, hayupo pale anapokusubiri kila siku. Yuko juu, kalala ubavu, tumbo limetokeza nje ya maji, pezi moja linapiga na kupiga lakini hageuki. Unampiga picha, unaituma kwa wenzako wanaofuga, na kabla hujamaliza chai jibu limeshakuja: "Hicho ni kibofu, nunua dawa."

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga nilifuata jibu hilo. Siku ya kwanza nikamwaga dawa ya bakteria, siku ya pili ya minyoo, siku ya tatu chumvi, siku ya nne samaki akafa. Kibofu chake cha hewa, ule mfuko wa ndani unaomsaidia kuelea, hakikuwa na shida yoyote. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimeosha sponji ya filta kwa maji ya bomba mpaka ikatakata, na kwa kufanya hivyo nikawa nimewaua bakteria waliokuwa wakila amonia, sumu inayotokana na taka ya samaki. Samaki alikuwa anaungua na taka yake mwenyewe, nami nikawa namwongezea sumu juu ya sumu. Bado linaniuma. Ndiyo maana leo, kabla ya kufungua kichupa chochote, napita hatua hizi kwa mpangilio huuhuu, hata pale ninapodhani jibu nimeshalijua.

Ninazungumzia tangi la nyumbani la maji yasiyo ya chumvi: samaki wa dhahabu, beta, gapi, na siklidi (jamii ya sato) wa maziwa yetu.

Hatua ya 1: Kaa utazame robo saa

Vuta kiti, kaa umbali wa mita mbili hivi, usigonge kioo. Samaki akikuona karibu atakuja kuomba chakula au atakimbilia mafichoni, na vyote viwili vinaficha ugonjwa. Mpe muda akusahau.

Shika daftari, andika unachokiona bila kukipa jina. Usiandike "ana kibofu". Andika hivi: "Anashuka kwa kupiga mkia kwa nguvu, akiacha kupiga anapanda tena, anatangulia mkia." Sentensi kama hiyo itakufaa kesho utakapotaka kujua kama amepata nafuu au amezidiwa.

Jiulize kwanza: ni mmoja au ni wote? Samaki wa aina tofauti wakiharibika asubuhi moja, tatizo liko kwenye maji, karibu bila ubishi. Akiwa mmoja na wenzake wanakula vizuri, hapo ndipo unapoanza kuwaza mwili wake. Kisha jiulize nini kilibadilika ndani ya siku tatu zilizopita. Maji mapya? Samaki mgeni? Filta iliyooshwa? Umeme uliokatika usiku? Na hili watu wengi hulisahau: dawa ya mbu iliyopulizwa sebuleni. Dawa nyingi za kupuliza, na hata zile za kuchoma, zina viuadudu vya jamii ya pairethroidi. Mtu hazimdhuru sana, lakini kwa samaki ni sumu kali, na pampu ya hewa inazivuta moja kwa moja kutoka chumbani na kuziingiza majini.

Halafu hesabu pumzi. Kifuniko cha shavu (yaani tamvua, kiungo cha kupumulia) kikifunguka na kufunga, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, kisha mhesabie mwenzake mzima wa aina ileile na ukubwa uleule. Huhitaji kujua kiwango cha kitabuni, unalinganisha tu mgonjwa na mzima. Angalia pia kama mashavu yote mawili yanafanya kazi. Samaki anayefunga shavu moja na kupumulia la upande wa pili mara nyingi ana minyoo ya mashavu.

Kabla hujaendelea, hakikisha kwamba kweli anaumwa. Ziwa Nyasa lina siklidi mwenye mabakabaka anayeitwa kaligono, na jina hilo katika lugha ya wavuvi wa huko maana yake ni mlalaji. Hulala ubavu mchangani kama mzoga, vidagaa wakija kudonoa anawameza. Aliyemnunua bila kuambiwa hupata mshtuko mkubwa. Katika Bonde la Kongo kuna ngogo mdogo ambaye akishakua huogelea tumbo juu muda mwingi, na tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo. Ziwa Tanganyika lina siklidi wa jamii ya Eretmodus na Tanganicodus wanaoishi kwenye mawe yanayopigwa na mawimbi. Kibofu chao ni kidogo mno, kwa hiyo hawaelei kama wengine bali huruka kutoka jiwe hadi jiwe. Beta na gurami hupanda juu kuvuta hewa kwa sababu wana kiungo cha kupumulia hewa, hiyo ni kawaida yao. Na jike la mbuna (siklidi wa kwenye mawe ya Ziwa Nyasa) aliyejitenga pembeni, hali chakula, kidevu kimevimba, huenda amebeba mayai mdomoni. Atakaa hivyo wiki tatu hivi. Mwache.

Hatua ya 2: Pima maji

Tumia vipimo vya matone, ni sahihi kuliko vile vya karatasi. Unatafuta amonia 0, nitriti 0, nitrati chini ya miligramu 40 kwa lita, pamoja na pH (kiwango cha asidi: chini ya 7 maji yana asidi, juu ya 7 yana alkali) na joto. Nitriti na nitrati ndizo amonia inazogeuka, kwa mfuatano huo, ikishaliwa na bakteria. Andika namba zenyewe. "Maji yako sawa" siyo kipimo, na ni jibu ninalolisikia mno kutoka kwa watu ambao hawajapima chochote. Maji yanaweza kung'aa kama kioo huku yakiua.

Amonia inahitaji kueleweka kwa undani, kwa sababu kipimo kinakupa jumla, wakati sumu ni sehemu tu ya jumla hiyo. Sehemu yenyewe inategemea pH na joto. Maji yakiwa nyuzi 25, kwenye pH 7 sehemu ya sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi moja ya amonia yote. Sasa fikiria. Mwenye samaki wa dhahabu kwenye pH 7 akisoma amonia 0.5 ana muda wa kupanga mambo yake. Mwenye siklidi wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yenyewe ni ya pH inayokaribia 9, akisoma namba hiyohiyo ana dharura mkononi.

Kuna mtego hapa unaoua samaki wa watu waangalifu. Tangi lililokaa miezi mingi bila kubadilishwa maji vizuri hushuka pH, pengine hadi 6.4. Amonia iliyojikusanya humo imelala, haina makali. Siku mwenyewe anapoamua kufanya usafi mkubwa, anamimina maji ya bomba ya pH 8, na amonia iliyolala inaamka ikiwa sumu ndani ya dakika chache. Samaki wanaanza kuruka na kugonga vioo, naye anabaki akisema, "Nimewabadilishia maji masafi, wamekufa." Tangi la namna hiyo hubadilishwa kidogokidogo, kama sehemu moja ya kumi kila siku, huku ukipima amonia kila mara.

Nitriti inafanya kazi tofauti. Inaingia kwenye damu kupitia mashavu na kuizuia isibebe oksijeni, damu inageuka rangi ya chokoleti. Samaki anahema kwa kasi ilhali jiwe la hewa linatoa mapovu mengi. Chumvi ya kawaida isiyo na viungo vingine, gramu 1 kwa lita, husaidia sana hapa, kwa kuwa kloridi iliyo kwenye chumvi hushindania mlango uleule wa kwenye mashavu na kuiacha nitriti nje.

Joto usilidharau. Maji ya nyuzi 20 yakishiba oksijeni hubeba takriban miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5, na samaki aliye kwenye joto anahitaji oksijeni zaidi. Kwetu Pwani, kati ya Januari na Machi, sebule yenye madirisha yaliyofungwa hufika nyuzi 30 bila shida, na samaki wa dhahabu angependa kukaa kati ya 18 na 24. Umeme ukikatika saa nane usiku katika msimu huo, tangi lenye mimea mingi na samaki wengi huwa halina hewa kufikia alfajiri, maana usiku mimea nayo hutumia oksijeni. Utawakuta wote juu, midomo inachapa. Feni ikipuliza juu ya maji hupunguza nyuzi mbili tatu.

Kuhusu maji unayoingiza: ya bomba yana klorini, na ukiyamimina bila kuyatibu, dalili huja ndani ya dakika au saa chache, yaani samaki wanakimbia ovyo, wanatoa ute, wanahema. Ndoo iliyokaa saa 24 na jiwe la hewa ndani hupoteza klorini, lakini kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) haiondoki kwa kusubiri, inahitaji dawa ya kuondoa klorini yenye thiosalfeti. Maji ya kisima kirefu yana kasoro yake. Yakitoka ardhini huwa na hewa ya ukaa nyingi na oksijeni kidogo, kwa hiyo pH unayoipima bombani siyo ile utakayoikuta kesho. Yapulizie hewa siku nzima ndipo uyapime.

Hatua ya 3: Saa ya kwanza

Mambo haya unayafanya hata kama bado hujajua ugonjwa. Badilisha theluthi moja hadi nusu ya maji kwa maji yaliyotibiwa na yenye joto lilelile (isipokuwa lile tangi la zamani lenye pH iliyoshuka). Ongeza hewa. Sitisha chakula. Zima taa. Usiguse filta, na kama ni lazima uisafishe, suuza sponji kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Kama ulishuku dawa ya mbu, badilisha maji mengi zaidi, weka mkaa wa kuchujia kwenye filta, na uihamishe pampu ya hewa ivute hewa ya nje ya chumba hicho.

Huna vipimo? Fanya hayohayo. Maji mazuri hayajawahi kumdhuru mgonjwa wa kibofu.

Hatua ya 4: Soma mwogeleo

Maji yamepimwa na ni safi, au yamerekebishwa, na samaki bado haogelei sawasawa. Sasa rudi kwenye daftari.

Anayehema juu ya maji peke yake wakati wenzake wametulia ana tatizo kwenye mashavu: minyoo, vimelea, au kovu la amonia ya wiki iliyopita. Kovu huchukua muda kupona, kwa hiyo kipimo cha leo kuwa 0 hakimaanishi kwamba maji hayakuhusika.

Anayejisugua kwenye mawe na mchanga, anainama ghafla na kujikwaruza ubavu, anawashwa. Mara moja moja kwa siku si kitu. Akirudia kila dakika chache, zima taa za chumba na ummulike kwa tochi kutoka ubavuni. Punje nyeupe kama chumvi iliyomwagika, zisizozidi milimita 1, ni ugonjwa wa madoa meupe, kimelea kiitwacho Ichthyophthirius. Vumbi laini la rangi ya dhahabu, ambalo huwezi kuliona ila kwa tochi, ni Piscinoodinium, na huyo anaua haraka zaidi, hasa beta. Usipoona chochote, fikiria minyoo ya ngozi na mashavu.

Anayetetemeka papo hapo, mwili unayumba kushoto na kulia lakini hasogei, mapezi kayabana: kwa moli na ndugu zake hii huwa ni dalili ya maji laini mno, yenye madini machache, au ya baridi. Kwa siklidi dume mbele ya jike, huo ni uchumba tu.

Anayezunguka kama pia, au kusokota huku akienda mbele, ananitia hofu kuliko wote. Hapo kilichoguswa ni ubongo au mishipa ya fahamu. Sumu ya viuadudu hufanya hivyo, na huja ghafla kwa samaki wengi kwa pamoja. Bakteria wa Streptococcus hufanya hivyo pia: samaki anazunguka, jicho linatokeza, mwili unapinda. Wafugaji wa sato wanaujua ugonjwa huu vizuri. Mtenge mara moja, na usiingize mkono wenye kidonda kwenye maji hayo. Streptococcus iniae na Mycobacterium marinum huingia kwa binadamu kupitia mkwaruzo mdogo tu, na huyo wa pili huacha uvimbe wa ngozi unaochukua miezi kupona. Vaa glavu.

Anayelala chini akipumua taratibu anaweza kuwa amepumzika, amezeeka, ana baridi, au anakufa. Mwogeleo peke yake hautakuambia. Mwangushie chakula kidogo, na kama jicho linakifuata, una muda.

Hatua ya 5: Kuelea, kuzama, kuinama

Sasa tuje kwenye kibofu chenyewe, kwa kuwa ndicho kinacholaumiwa kuliko kiungo kingine chochote.

Kibofu cha hewa ni mfuko ulio chini ya uti wa mgongo unaomwezesha samaki kukaa kina anachotaka bila kuogelea kwa nguvu. Samaki wa dhahabu ana vyumba viwili, na bomba jembamba linalounganisha kibofu na koo, hivyo anaweza kumeza hewa na kuitoa. Siklidi mkubwa hana bomba hilo. Hewa ya kibofu chake huingia na kutoka kupitia damu, polepole. Ndiyo maana samaki wa vilindini, kama frontosa wa Ziwa Tanganyika, hupandishwa na wapiga mbizi kwa hatua. Akivutwa haraka, hewa inatanuka, haina pa kutokea, na samaki anafika juu akiwa amefura na haelekei tena chini. Ukinunua frontosa aliyevuliwa karibuni na anaelea, muulize muuzaji alipandishwaje.

Kwa samaki wa dhahabu sababu iko kwenye umbo. Oranda, ryukin na ranchu wamezalishwa kwa vizazi vingi wawe mviringo, na ndani ya mviringo huo utumbo, mayai, mafuta na kibofu vinagombania nafasi. Utumbo ukijaa, kibofu kinasukumwa kando. Chakula kikavu kinachoelea huleta mawili kwa pamoja: kinavimba tumboni, na samaki humeza hewa anapokifuata juu.

Mchunguze hivi. Subiri atulie kabisa, uone mwili unakwenda wapi wenyewe. Akipanda, ana hewa ya ziada au tumbo lina gesi. Akizama na kutambaa chini, kibofu huenda kimejaa maji badala ya hewa, au hakina hewa ya kutosha, au samaki amechoka kwa ugonjwa mwingine. Akitangulia kichwa chini au mkia chini, chumba kimoja hakilingani na kingine, au kuna kitu ndani kinachokisukuma: mayai, uvimbe, kinyesi. Kisha mtazame kutoka juu. Tumbo limevimba pande zote mbili sawasawa au upande mmoja? Uvimbe wa upande mmoja mara nyingi ni wa ndani ya kiungo.

Sasa angalia magamba. Ukimtazama kutoka juu ukaona yamesimama kama maganda ya nanasi, hilo si suala la kibofu tena. Maji yamejaa mwilini, figo zimeshindwa, na wanaopona ni wachache. Mwambie ukweli mwenye samaki.

Kama magamba yamelala na samaki anataka kula, anza na njaa: siku tatu bila chakula. Kwa samaki wa dhahabu mzima hiyo si adhabu. Siku ya nne chemsha njegere, imenye ganda, iponde, mpe kipande kidogo kuliko jicho lake. Ongeza chumvi ya haluli, yaani magnesiamu salfeti ya duka la dawa, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita 20, uiyeyushe pembeni kwanza. Inasaidia kulegeza tumbo na kupunguza uvimbe. Usiichanganye na chumvi ya mezani kichwani mwako, ni vitu viwili tofauti na kazi zake ni tofauti. Akipata nafuu, hamia kwenye chakula kinachozama, ukiloweke dakika chache kabla ya kumpa.

Oranda mmoja wa jirani yangu alikuwa akiruka juu kama kizibo kila baada ya kula, na kufikia jioni anashuka mwenyewe. Kwenye daftari la siku sita mchoro ulikuwa wazi: anakula saa mbili, anaelea saa tatu, anashuka saa kumi. Hakupewa dawa hata tone. Alibadilishiwa chakula tu na kugawiwa mara mbili kwa siku badala ya mlo mmoja mkubwa. Bila kuandika saa, tusingeliona hilo.

Kwa mbuna na Tropheus (siklidi wa Ziwa Tanganyika), tumbo lililovimba, kukataa chakula na kinyesi cheupe chembamba kama uzi ni jambo jingine kabisa. Hawa ni wala mwani wa kwenye mawe, utumbo wao ni mrefu, na nyama ya ng'ombe au moyo wa ng'ombe ambao wafugaji huwapa kwa nia njema huwaharibu. Usisubiri siku tatu. Dawa inayotumika ni metronidazoli, na inafanya kazi vizuri zaidi ikiwa ndani ya chakula, kwa hiyo umuhimu wa kuwahi uko hapo: akishakataa kula umebaki na njia ya majini tu, ambayo ni dhaifu.

Wapo wasiorudi sawa kamwe. Kibofu kilichoharibika hakishonwi nyumbani, na picha ya eksirei kwa daktari wa mifugo ndiyo inayoonyesha vizuri kilivyo. Lakini samaki anayekula, hata kama anaegemea upande, anaweza kuishi miaka. Mpunguzie kina cha maji, ondoa mawe yenye ncha, na kama ni mwenye kuzama, sakafu iwe tupu na safi ili tumbo lisipate vidonda. Ngozi ya anayeelea, ile sehemu inayotoka nje ya maji, hukauka na kuoza, kwa hiyo iangalie kila siku.

Hatua ya 6: Tangi la wagonjwa, kisha dawa

Tangi la lita 20 hadi 40, sponji iliyokwisha kukaa kwenye tangi kubwa, jiwe la hewa, kipande cha bomba la kujificha. Hakuna mchanga. Pima amonia kila siku, maana tangi dogo linachafuka haraka.

Dawa moja kwa wakati mmoja. Ukichanganya tatu, hata akipona hutajua kilichomponya. Madoa meupe yanatibika kwa kupandisha joto taratibu hadi nyuzi 30, hewa nyingi, na chumvi gramu 2 hadi 3 kwa lita, isipokuwa kwa kambale wasio na magamba na mimea, ambao chumvi inawadhuru. Usiache madoa yanapopotea. Kimelea kilicho chini ya ngozi hakifikiwi na dawa, kinauawa pale tu kinapoogelea huru, hivyo endelea siku 10 hadi 14. Na hapa tibu tangi lote, maana kimezaliana humo. Minyoo ya mashavu inatibika kwa prazikwanteli, dawa ileile tunayoijua kwa kichocho, kipimo cha miligramu 2 hadi 5 kwa lita. Methilini ya buluu usiiweke kamwe kwenye tangi lenye filta inayofanya kazi, itaua bakteria wako na kukurudisha kwenye amonia.

Ondoa mkaa wa kuchujia kabla ya kuweka dawa yoyote, la sivyo mkaa ndio utakaoinywa.

Hatua ya 7: Asipopona

Samaki asiyekula kwa siku nyingi, aliyejaa vidonda, asiyeweza tena kusimama majini, anateseka. Usimwache afe taratibu juu ya maji, na usimtupe chooni akiwa hai. Njia ya huruma iliyo karibu nasi ni mafuta ya karafuu, haya yanayokamuliwa Pemba. Mtie samaki kwenye chombo chenye maji ya tangi lake unayojua lita zake. Pima mililita 0.4 za mafuta kwa kila lita, yatikise kwenye chupa yenye maji ya uvuguvugu mpaka yawe meupe kama maziwa, kisha mimina polepole. Kwanza atayumba, atalala ubavu, atatulia. Mwache humo angalau dakika 30 baada ya shavu kuacha kutikisika kabisa.

Aliyekufa mwenyewe mtazame haraka, kabla ya saa moja kupita, maana kwenye joto letu anaharibika upesi. Inua kifuniko cha shavu. Mashavu mekundu ni ya kawaida. Ya kahawia, rudi upime nitriti. Yaliyopauka, alipoteza damu au alikuwa na vimelea muda mrefu. Yenye ute mzito, mashavu yaliwashwa na kitu: amonia, klorini au vimelea. Majibu haya ni kwa ajili ya wenzake waliobaki.

Mzike bustanini. Usimtupe mtoni wala ziwani, na maji ya tangi la wagonjwa yamwage kwenye udongo ulio mbali na mfereji. Wavu na ndoo uvioshe, uvianike juani mpaka vikauke kabisa kwa siku mbili. Samaki mgeni atakayefuata akae wiki nne peke yake, na ndani ya wiki hizo mkalie robo saa kila siku umtazame anavyoogelea akiwa mzima.